Futi Kumi na Moja Nje ya Mpaka

Alhamisi, 2 Mei

Siku ya gulio. Mvua nyembamba, ile isiyolowesha ila inakera. Nimesimama dirishani tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kalamu mkononi, nikihesabu. Walionunua kwa Mavis Ockenden: mia mbili na kumi na wawili. Walioingia dukani kwangu: tisa. Kati ya hao tisa, wawili waliuliza choo kiko wapi, na mmoja alikuwa mbwa.

Mavis anauza nini? Ndoo, brashi, mitego ya panya, vibanio vya nguo. Mimi nauza nini? Ndoo, brashi, mitego ya panya, vibanio vya nguo, na skrubu za aina mia tatu na arobaini. Ndoo zangu ni nene kuliko zake. Nimezipima. Ila yeye yumo ndani ya mpaka wa gulio, mimi niko nje. Futi kumi na moja! Futi kumi na moja tu kutoka jiwe la mpaka hadi kizingiti changu. Hati ya mfalme ya mwaka 1254 inasema siku ya gulio asiye ndani ya mawe asitandaze meza. Mfalme mwenyewe alilala Cotterby usiku mmoja, tena kwa sababu gurudumu lilinasa kwenye matope. Akaondoka asubuhi. Amri yake imebaki inanikaba mimi.

Mwezi wa Machi nilijaribu. Meza ya kukunja, ndoo nne. Dakika sita tu, huyo Bi Lumb, karani wa mji, na mwavuli wake. Samahani sana Bwana Tapscott, sheria ni sheria. Kutoka ofisini kwake hadi kwangu ni dakika nne kwa mwendo wa haraka. Maana yake aliyemwita alihitaji dakika mbili. Kuna mkono wa mtu hapa. Na mkono huo umevaa glavu zilizokatwa vidole, kama zile za Mavis.

Nimepiga hesabu mara tatu. Wateja tisa kwa gulio hawafikishi duka Oktoba. Nikifunga, mwenye nyumba analigeuza duka la kahawa. Tunayo sita. Ya vitu vya kale manne. Ya mitumba ya hisani matano. La skrubu ni moja, langu, na kibao cha kukaribisha wageni mjini kimeandikwa "Mji wa Gulio wa Kale". Gulio la kununua nini? Kahawa na koti la marehemu?

Tarishi kaleta bahasha ya kahawia, muhuri wa baraza la mji. Sikuifungua. Barua ya baraza haijawahi kumletea mtu heri. Nimeiweka chini ya mizani ya misumari pamoja na wenzake watano. Mke wangu Hester kaniambia fungua bwana, huenda ni jambo jema. Nikamjibu kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa, hawajui watu wake. Mimi nimetoka Marlhope, maili tisa, miaka thelathini na minne iliyopita, na bado wananiita mgeni. Mgeni ndiye anayeona.

Ijumaa, 3 Mei

Kaja Aubrey Fenn kununua kamba. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama cha historia. Wanachama kumi na wanne, kumi na mmoja wakisinzia. Kataka futi mia mbili za kamba. Nikamuuliza ya nini. Akashangaa. Hivi Bwana Tapscott umesahau? Alhamisi ijayo ni Kupaa kwa Bwana, na mwaka huu ni mwaka wa saba. Mji mzima unatembea mpaka wa gulio, jiwe hadi jiwe, kila mtu na fimbo ya mti wa mwerebi, mawe yanachapwa. Mstari utakaotembewa siku hiyo unaandikwa kitabuni, na ndio mpaka kwa miaka saba mingine. Sijawahi kwenda; wao wakitembea, mimi huhesabu skrubu.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, nikiendelea kupima kamba: je, jiwe likiwa limekaa mahali tofauti na kitabu?

Akacheka. Jiwe halifuati kitabu, bwana. Kitabu ndicho kinachofuata jiwe.

Nilimkatia futi mia mbili na nne kwa bei ya mia mbili, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Alikuwa bado anaeleza kitu fulani cha mwaka 1683 na tanuri la mwokaji mikate nilipomfungulia mlango. Sina muda wa mikate.

Kisha nikajiuliza: kwa nini aniambie mimi? Na kwa nini leo? Inawezekana katumwa. Lakini hata mtego una chambo, na chambo ni nyama.

Mipango: jiwe lina kimo cha goti, kama kilo sabini. Liko kwenye kona ya uwanja, hatua mbili kutoka kwa Mavis. Nikilisogeza futi kumi na moja, linagusa usawa wa ukuta wangu wa mbele. Kichochoro cha pembeni mwa duka kinalipokea vizuri. Nitalisogeza kumi na nne. Tatu za akiba. Mtu makini huacha akiba.

Jumamosi, 4 Mei

Imefanyika! Saa nne asubuhi, jua linawaka, uwanja umejaa watu.

Wengine wangengoja giza. Mwizi hukamatwa gizani. Mimi nilivaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kofia ngumu, barakoa ya vumbi, nikapanga koni tano za barabarani kulizunguka jiwe. Katika nchi hii mtu mwenye kizibao cha njano na koni haulizwi. Analalamikiwa tu.

Nimehesabu. Waliopita: arobaini na mmoja. Waliouliza nafanya nini: hakuna. Waliolalamika: kumi na tisa. Mzee mmoja alisema mmeanza tena, juzi tu mmechimba hapa! Nikamwambia amri ya juu, mzee wangu. Akasema hao wa juu nao waje wachimbe. Mama mwenye kigari cha mtoto aliuliza tutamaliza lini. Wiki sita, nikasema. Akajibu ndivyo mnavyosemaga. Wanaume wawili waliotoka baa, bila kuombwa, walishika mtaimbo na kunisaidia kulipandisha jiwe kwenye toroli, huku wakilitukana baraza. Nilitukana nao.

Kufikia saa saba jiwe limesimama kichochoroni, saruji imeshika, shimo la zamani limezibwa.

Jambo moja tu linaniwasha. Mavis, aliyekuja mjini kununua mkate, aliniletea kikombe cha chai. Kazi njema, fundi. Sukari vijiko viwili. Amejuaje kwamba natumia viwili? Kisha akasema, ukimaliza, fundi, mpelekee salamu yule bwana wa skrubu, simwoni dirishani leo, nisije nikakosa mtu wa kunihesabia wateja. Akaondoka anacheka peke yake.

Chai ilikuwa nzuri. Hilo nalo linatia shaka.

Jumapili, 5 Mei

Kanisani. Mahubiri: "Usiondoe alama ya mpaka wa zamani, uliowekwa na baba zako." Kati ya aya zote za Biblia! Hester kaninong'oneza kwamba kila mwaka Jumapili kabla ya Kupaa kasisi huhubiri aya hiyo hiyo. Inawezekana. Lakini alinitazama. Kweli ana makengeza, na huenda alikuwa anakitazama kinanda. Nimeandika tu kwamba alinitazama.

Hester kauliza saruji kwenye kucha imetoka wapi. Nikasema nilikuwa bustanini. Akanikumbusha hatuna bustani.

Mchana nimetembea hadi kwenye kibao cha historia kando ya daraja. Nimekisoma chote kwa mara ya kwanza. Sufu, jibini, moto mkubwa, tauni, halafu mwaka 1846: reli ilitaka kupita Cotterby, wazee wakakataa, wakidai moshi utaharibu jibini. Reli ikapita kwetu Marlhope. Leo Marlhope ina stesheni, na Cotterby ina kibao. Mji uliokataa treni unanikatalia mimi meza. Hawa watu ni wale wale.

Jumatano, 8 Mei

Kimya. Siku tatu hakuna aliyesema neno juu ya jiwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kila kitu tayari. Meza ya futi sita. Ndoo ishirini na nne zimepangwa kama mnara. Kibao nimekiandika mwenyewe: "Ndoo Nene. Pima Mwenyewe."

Dakika tano kabla ya saa sita mchana aliingia Bi Lumb. Akaangalia huku na huku. Akauliza kama nina chochote cha kumpa kabla ya saa sita. Sina, nikasema. Akaniuliza hakika, Bwana Tapscott? Hakika. Hata karatasi ndogo? Nikamwambia nina karatasi ya msasa, laini na ya kukwaruza, achague. Hakucheka. Macho yake yalikwenda kwenye mizani ya misumari, yakarudi kwangu. Alisimama hadi saa ya mnara ikagonga sita. Saa ile huchelewa dakika sita, na alizisimamia zote. Kisha akapumua, akasema basi, na akaenda zake.

Karani wa mji kusimama dukani kwangu dakika kumi na moja bila kununua! Alikuja kupeleleza meza. Hester alisema mbona kama alikuwa anakuombea, Norris. Nikamwambia hivyo ndivyo wapelelezi wanavyofunzwa.

Alhamisi, 9 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una rangi ya kijani mpaka kwenye kiwiko.

Meza niliitoa saa moja. Ndoo zilipendeza. Bi Lumb alipita, akafungua mdomo, akalitazama jiwe kichochoroni, akaufunga. Ushindi! Kufikia saa nne nilikuwa nimepata wateja kumi na mmoja. Tayari wawili zaidi ya wiki iliyopita, na hakuna mbwa.

Saa tano wakaja. Mbele Fenn na ramani, nyuma yake kasisi, kisha meya na joho jekundu na mkufu, bendi ya matarumbeta ya watu tisa, kisha mji. Nilihesabu mia moja na sitini na watatu, kila mmoja na fimbo. Wakafika pale jiwe lilipokuwa. Wakasimama. Bendi ikanyamaza, tarumbeta moja baada ya jingine. Fenn akatazama saruji mpya. Akatazama ramani. Akatazama kichochoro. Mimi nilikuwa napanga ndoo na kupiga mluzi.

Nilitarajia kelele. Nilikuwa na majibu manne tayari. Badala yake uso wa Fenn ukang'aa kama wa bwana harusi. Limehama! akapaza sauti. Jamani, limehama!

Wakashangilia. Mia moja na sitini na watatu walishangilia, wengine wakarusha kofia. Hapo ndipo nilipoogopa. Watu wa Cotterby hawajawahi kufurahia jambo langu.

Fenn akatoa kamba. Kamba yangu! Nilimkatia mwenyewe, na futi nne za bure. Akafunga ncha moja kwenye jiwe kichochoroni, vijana wawili wa bendi wakakimbia na ncha ya pili kwenye jiwe la darajani, wakaivuta. Kamba ikanyooka. Ikagusa dirisha langu la kichochoroni, katikati kabisa.

Akagonga kioo kwa adabu. Samahani sana Bwana Tapscott, tutapita kwako.

Nikauliza wapi. Humu, akasema. Mstari haukwepi ukuta. Ndiyo desturi. Mwaka 1683 walipita ndani ya tanuri la mwokaji, mikate ikiwemo. Si nilikuwa nakueleza siku ile?

Nilihesabu nukta nikasahau mstari. Jiwe ni nukta. Mpaka una ncha mbili, na ncha ya pili iko darajani, haikuhama hata inchi. Kutoka kichochoroni hadi darajani mstari unaingia dirisha la pembeni, unapita kwenye rafu ya rangi, unakatiza jiko la Hester na kutokea dirisha la jikoni.

Nilipogeuka, Hester alikuwa tayari anaondoa vyombo. Kila mtoto wa Cotterby anaijua hiyo, alisema. Kisha akaniuliza, futi ngapi, Norris? Nikasema kumi na nne. Akaweka sahani chini. Ungesogeza kumi na moja, bwana wee, wangepapasa ukuta wako kwa nje na kwenda zao.

Futi tatu! Zile za akiba!

Dirisha lina upana wa futi mbili na inchi mbili. Aliingia Fenn, akaingia kasisi, akaingia meya akiwa ameshika joho kama bibi anayevuka mto. Tarumbeta kubwa lilikataa. Likasukumwa na watu wanne, mwenyewe akiendelea kulipuliza. Kwenye rafu ya rangi kisigino cha mtu kikagusa kopo la lita tano. Kijani cha Bustani. Sikuona ni cha nani; wote walikuwa wanasema samahani. Nilihesabu samahani mpaka mia moja na kumi nikaacha. Walipita kwa muda wa saa moja na dakika kumi na mbili. Sijawahi kupata watu wengi kiasi hicho dukani tangu nilifungue. Waliouziwa kitu: sifuri! Watu hawa wakishaingia kwako kwa dirisha wanaona aibu kuuliza bei.

Halafu desturi ya pili. Nyumba iliyo juu ya mstari hulisha wapitao mkate, jibini na bia. Hester alitoa vyote. Alitoa hata jibini niliyoificha nyuma ya makopo ya maharage. Alijuaje?

Halafu ya tatu. Mkazi mpya kuliko wote ndani ya mpaka hupinduliwa kichwa chini na kugongeshwa jiwe mara tatu, ili asilisahau. Fenn akasoma orodha. Kisha akainua macho taratibu. Jamani, Bwana Tapscott kaingia leo.

Wanaume wanne wa bendi. Mavis akahesabu kwa sauti. Mooja! Mbiili! Funguo zilitoka mfukoni, na kalamu, na tepu ya kupimia. Taatu! Wakanishusha, mji mzima ukapiga makofi, na mzee yule wa Jumamosi akanipa mkono, akaniita mwenzetu. Miaka thelathini na minne hakuna aliyeniita hivyo. Nikaushikilia mkono wake. Pengine ni damu ilikuwa inarudi mahali pake.

Nilipotoka nyuma ya nyumba nilikuta nini? Mavis kaweka meza chini kabisa ya dirisha langu la jikoni! Matambaa, mafuta ya taa, brashi za viatu. Kila anayetoka na kijani miguuni anamtokea yeye. Nilimwambia hapo ni nje ya mpaka. Niko ndani kwa inchi nne, jirani, akasema. Pima.

Nilipima. Inchi nne na nusu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeitwa ofisini kwa karani. Nilikwenda na majibu yangu manne.

Hayakuhitajika. Bi Lumb alikuwa na mashahidi arobaini na mmoja na picha yangu nikiwa na kizibao, iliyotumwa na watu saba tofauti kulalamikia uchimbaji wa barabara. Malalamiko yalifika hamsini na matatu, na kila moja amelijibu kwa barua, kwa mkono wake, mpaka bahasha zote za kahawia zimemwishia ofisini. Alikuwa na plasta kidoleni.

Fenn naye alikuwepo, anachekelea. Akanifungulia kitabu. Jiwe lile limeshahamishwa mara nne. Mchinja nyama mwaka 1741. Mtengeneza mishumaa mwaka 1802. Mwokaji mwaka 1866. Na mwaka 1919 Ockenden mmoja, babu wa baba yake Mavis. Wote kwa ajili ya meza. Wote walipitiwa nyumbani. Wewe ni wa tano, akasema, karibu katika historia. Tena wewe ndiye wa kwanza kulihamisha mchana kweupe.

Adhabu ni ile ile ya zamani: nilirudishe mwenyewe, siku ya gulio, mbele ya watu. Mstari wa jana hautaandikwa kitabuni.

Kisha Bi Lumb akauliza kitu cha ajabu. Lakini Bwana Tapscott, kwa nini hukutia sahihi?

Sahihi ya nini?

Barua ya tarehe mbili, akasema. Baraza limeamua, kwa mara ya kwanza tangu 1254, kuruhusu kila duka kutoka uwanjani hadi darajani kuweka meza siku ya gulio. Ilikuwa ni kutia sahihi na kurudisha kabla ya saa sita mchana Jumatano. Nilikuja mwenyewe, bwana. Nilisimama pale. Sheria hainiruhusu kumwambia mtu atie sahihi, lakini hainikatazi kusimama.

Nilikaa. Nikauliza nani alileta hoja hiyo.

Bibi Ockenden, akasema. Miezi miwili amekuwa akiwafuata madiwani mlango kwa mlango, tangu ile siku ya meza ya kukunja.

Mavis! Niliuliza kwa sababu gani. Bi Lumb akasema Mavis aliliambia baraza kwamba gulio lenye muuza ndoo mmoja si gulio, ni kioski. Kwamba mteja akiona ndoo mbili ananunua moja, akiona moja anakwenda supamaketi. Na kwamba atachoka sana akibaki bila mtu wa kumsema.

Nimelitafakari jambo hili njia nzima hadi nyumbani. Mtu haombi mshindani wake apewe meza bure. Anataka nini?

Bi Lumb kasema atanitetea kwa madiwani Jumanne. Jibu litanifikia kwa barua kabla ya gulio la Alhamisi kuisha. Na safari hii, akasema, nakuomba kama dada yako, uifungue. Nikamwambia bila shaka. Nimekula chumvi nyingi, siumwi na nyoka mara mbili kwenye shimo moja.

Hester kasafisha kijani chote isipokuwa unyayo mmoja katikati ya jiko. Anasema ubaki, ni wa meya.

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya gulio. Jua.

Saa tatu asubuhi nimerudisha jiwe. Bila kizibao. Toroli, mtaimbo, saruji, mimi peke yangu, na watu themanini na saba wakitazama. Bila kizibao kila mtu anauliza! Unafanya nini? Si ungeanzia upande ule? Hilo limeinama. Yule mama wa kigari alisema ulisema wiki sita, umemaliza kwa mbili, hongera. Lilipokaa sawa wakapiga makofi. Makofi ya nini? Nitachunguza.

Wateja wa leo: ishirini na wanane. Wengi walikuja kuona unyayo wa meya. Kumi na saba wakanunua kitu. Hii inaweza kuwa njama ya kunifanya nizembee.

Nimengoja barua ya baraza siku nzima. Tarishi kapita saa nne, hana kitu. Saa saba Mavis akavuka uwanja, kasimama mlangoni kwangu kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne. Mkononi ana bahasha. Nyeupe. Kasema kapewa aniletee, kwa vile anakuja huku. Kapewa na nani? Hakungoja nimuulize. Alisema tu ifungue upesi, Norris, saa nane haiko mbali, na mimi nimekuachia nafasi ya futi sita pale pembeni.

Kaniita Norris!

Mimi si mtoto. Barua za baraza ni za kahawia, siku zote, ninazo sita hapa kama ushahidi. Hii ni nyeupe. Tena kaileta nani? Mavis. Tena anataka niifungue upesi. Na futi sita ni kipimo kile kile cha meza yangu, amekipima lini? Nilimwona mezani kwake akinichungulia, ananionyesha saa ya mkononi. Nikampungia mkono ili asijue nimeshamshtukia.

Bahasha nimeiweka chini ya mizani ya misumari. Sasa ni saba. Mizani imeanza kuegama, itabidi niipime upya.

Saa nane imegonga. Baraza halikuandika. Bi Lumb aliahidi kwa kinywa chake, kama dada, na hakuandika. Wamenisahau, kama kawaida yao.

Jioni nimetembea hadi darajani na tepu. Nimekaa pale nikatafakari. Kosa langu halikuwa kulihamisha jiwe. Kosa langu lilikuwa kuhamisha moja. Mstari una ncha mbili. Jiwe la darajani ni dogo kuliko la uwanjani, kama kilo hamsini, na limeshalegea upande wa mto. Likienda nalo futi kumi na moja, kamili, bila akiba, kamba inapita nje ya ukuta na jiko linasalimika. Matembezi yajayo ni baada ya miaka saba. Muda wa kutosha wa kupima mara mbili.

Hester kauliza kwa nini kizibao cha njano kinaanikwa kwenye kamba. Nimemwambia kilikuwa na vumbi.